Muulize Shangazi: Mume kapata kazi Kiruna, niende au nibaki?

Swali: Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, asili yangu Bujumbura ila niko Malmö mwaka wa sita sasa. Mume wangu kapata kazi kwa mkandarasi wa mgodi wa chuma kule Kiruna, juu kabisa ya Uswidi, anataka tuhame wote Novemba hii. Watu wananitisha, mara huko hakuna jua, mara mji wenyewe unabomolewa. Mimi nimesomea kuhudumia wazee, si nitaenda kuozea ndani jamani? – Mama Wawili

Jibu: Marahaba mwanangu. Kiruna nimeishi miaka minne, nilianza na usafi wa ngazi za maghorofa baadaye nikahudumia wazee, kwahiyo nakwambia nilichokiona kwa macho yangu.

Tuanze na hilo jua. Ni kweli, kama wiki tatu hivi za Disemba halichomozi kabisa, ila sio giza totoro kama wanavyokwambia, mchana kwa masaa machache kunakuwa na mwanga wa bluu kama wa alfajiri, theluji inaung'arisha na njia unaiona vizuri tu. Kilichonitesa mimi ni Novemba, siku zinafupika kila ukiamka, baridi imeshaingia, na kama ndo umefika humjui mtu basi unajifungia, pazia chini, simu mkononi, unaongea na watu wa Malmö mpaka usiku. Kwahiyo mwambie baba watoto atangulie yeye. Wewe na watoto nendeni Machi, jua limerudi, theluji bado ipo ya kuchezea, watoto wataanza kuteleza na wenzao, na Novemba ikifika utakuwa na watu wa kukugongea mlango. Hili usikubali kulegeza hata akikununia.

La mji kubomolewa nalo ni kweli. Ule mgodi ni wa chini ya ardhi, kwa chuma hakuna mkubwa kama huo duniani kwa migodi ya chini, na mwamba wenye chuma unashuka ukiinamia upande wa mji. Wakichimba, mawe ya juu yanaporomoka kujaza pale palipoachwa wazi, nyufa zinatambaa kuelekea kwenye nyumba za watu. Mwaka 2004 kampuni ya mgodi ikaiandikia manispaa barua kwamba mji itabidi usogee, na Septemba 2022 wakafungua katikati mpya ya mji, kama kilomita 3 mashariki. Halafu Agosti 2025 wakalihamisha kanisa, lile la mbao la mwaka 1912, tani 672, walilinyanyua zima zima wakaliweka juu ya matrela na likatembea kilomita 5 kwa siku mbili. Barabara waliipanua kwanza ndo likapita. Wazee niliowahudumia walikuwa wanaliongelea hilo kanisa miaka na miaka kabla halijaguswa, wengine walioana mle, wamezika wazazi wao mle, na walikuwa wanauliza kama watakuwa hai likifika huko linakokwenda. Iliniuma, maana mimi najua kuacha nyumba ni nini, na wewe wa Bujumbura unajua.

Kwahiyo kabla hamjasaini mkataba wa nyumba ulizeni kitu kimoja tu, huu mtaa uko kwenye eneo la kuhamishwa au haumo, na kama umo ni mwaka gani. Nyumba za upande mpya kodi iko juu, za zamani ni nafuu ila mnaweza kuja kufungasha tena watoto wakiwa wameshazoea shule.

Halafu usiku, kama saa saba na kitu, utasikia kitanda kinatetemeka na glasi kabatini zinagongana. Wanalipua miamba huko chini. Waeleze watoto mapema kabla hamjalala usiku wa kwanza, wa kwangu alilia sana kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Kuhusu kazi usiwe na wasiwasi, wahudumu wa wazee wanatafutwa sana kule, Kiswidi chako ndo mtaji. Ila jifunze na cha kule. Bibi mmoja nilikuwa nikimuuliza kama anataka kahawa anavuta pumzi ndani ghafla, "shup", basi, hasemi kitu. Siku ya kwanza nilishtuka nikamshika mkono nikidhani kifua kimembana, kumbe ndo "ndiyo" ya kaskazini. Mpaka leo mimi nikikubali kitu navuta hivyo hivyo, na namkumbuka.

Swali: Shangazi, niko Dar, nimejichanga miaka mitatu nataka nije nione zile taa za kijani angani hapo Kiruna. Nije lini na nijiandae vipi? – Kijana wa Tabata

Jibu: Njoo kati ya Septemba na Machi mwanangu, kiangazi usiku hauingii kabisa kwahiyo hutaona kitu zaidi ya mbu. Viza ni ya Schengen, anza mapema. Kutoka Stockholm kuna treni ya usiku, ni safari ndefu ila utaiona nchi, ndege ni saa moja na nusu hivi. Ukifika usilale Kiruna siku zote, sogea Abisko, kama kilomita 100 kaskazini-magharibi, milima inazuia mawingu na anga linakuwa safi mara nyingi zaidi. Nunua vyuma vya kuvalisha viatu vya kutembelea kwenye barafu, na simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili maana baridi ya 25 chini ya sifuri inaua chaji dakika chache.

Na ukikutana na Wasami, wenyeji wa ardhi ile tangu kabla ya mgodi, wanaofuga reindia, aina ya kulungu wa nchi za baridi, usimuulize mtu ana wangapi. Ni sawasawa na kumuuliza Msukuma idadi ya ng'ombe wake mbele ya watu. Muulize njia wanazopita wanyama wake na mgodi umezifanya nini, hapo atakukalisha mpaka kahawa iishe.