Akili unde na kazi za wiki mbili mbili: majibu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Shikamoo. AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima) ya parachichi, Rungwe, imefundishwa mtindo wa kazi uitwao ajaili (agile): tupange kazi kwa wiki mbili mbili. Sasa kijana wetu wa kompyuta anataka akili unde (AI) iandike ripoti zote. Tumkubalie? (Katibu)

Marahaba. Ajaili ilipata jina mwaka 2001, waunda programu 17 walipokutana Utah, Marekani. Walikuwa wamechoshwa na mipango mirefu inayokamilika mahitaji yakiwa yameshabadilika. Walichotaka ni kazi ikatwe vipande, mhusika aonyeshwe mapema, asikilizwe, kisha irekebishwe.

Kwenu hilo lina maana kubwa. Parachichi haliivi mtini, huanza kuiva likishachumwa, na tangu hapo mnakimbizana na siku. Kwa hiyo mkubalieni kijana, ila kwa kazi hii: kila baada ya wiki mbili aipe akili unde daftari la mapokezi, iwaonyeshe ni kituo kipi kilikataliwa matunda mengi na kwa sababu gani. Kazi ya jioni tatu itakwisha kabla chai haijapoa.

Ila ripoti isiue kikao. Mashine itaona kilo zilizokataliwa. Haitamwona mama aliyechuma machanga kwa kuwa mwanawe alirudishwa nyumbani kwa ada. Hayo husemwa kikaoni, tena pale tu mama huyo anapoamini kuwa atasikilizwa. Ukishayajua, pengine dawa ni malipo ya awali, wala si semina nyingine ya uchumaji.

Nina kiwanda cha mbao Mafinga. Naweza kuiachia akili unde igawe kazi na kunionyesha mvivu ni nani?

Usifanye hivyo, ndugu yangu. Kadi za kanban, zilizoanzia viwandani kwa Toyota huko Japani, zilionyesha kazi ilipo na kinachohitajika mbele. Hazikuwa za kumsaka mtu. Fundi akijua anawindwa, ataficha msumeno ulioharibika hadi umkate mwenzake. Iulize mashine mbao zinakwama wapi, kisha waulize mafundi kwa nini.

Mimi ni mhasibu wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo), Iringa. Nikipakia orodha ya wakopaji kwenye programu ya bure ya akili unde kuna ubaya?

Upo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na siri ya mkopaji ni amana. Futa majina, simu na namba za NIDA kwanza. Jumla itakayokupa ikague kwa kikokotoo, maana huandika kwa ufasaha uleule hata inapokosea.

Kikao cha ajaili cha kila asubuhi, cha dakika 15, bado kina kazi, ikiwa simu inaweza kuandika muhtasari? (Uyole, Mbeya)

Kinayo. Niliwahi kurekodi kikao namna hiyo. Wazee walipoingia Kinyakyusa, palipokuwa na ubishi wenyewe, muhtasari ulijaa maneno ambayo hakuna aliyeyatamka. Rekodini mkipenda, lakini katibu aketi na kalamu yake, na muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika.