Je, kuhamisha mashindano hubadilisha sheria?

Ndugu, umeuliza kama kuhamisha mashindano makubwa kumewahi kubadilisha sheria ya kibaguzi, au ni maonyesho tu. Kumewahi, ingawa si kila mara kwa ukamilifu. Mwaka 1990 wapiga kura wa Arizona, Marekani, walikataa sikukuu ya kumuenzi Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi, na NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, ikaiondoa fainali yake, Super Bowl, ya 1993 kutoka Tempe, mji wa Arizona, na kuipeleka Pasadena, California. Mwaka 1992 wapiga kura wakaikubali sikukuu hiyo, na mwaka 1996 Tempe ikapata fainali yake.

Katika jimbo la North Carolina mambo hayakunyooka hivyo. Baada ya sheria ya HB2 ya Machi 2016, iliyowataka watu watumie vyoo vya shule na ofisi za umma kwa kufuata jinsia iliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, NBA, ligi ya mpira wa kikapu, iliuhamisha mchezo wake wa nyota wa 2017 kutoka Charlotte hadi New Orleans, na NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu, ikaondoa mashindano saba ya ubingwa jimboni humo. Machi 2017 HB2 ilifutwa, lakini sheria iliyoshika nafasi yake iliizuia miji kutunga kanuni mpya za kuwalinda watu dhidi ya ubaguzi katika ajira binafsi hadi Desemba 2020. NBA ilirudi Charlotte 2019, mapema mno kwa maoni yangu, kwa sababu zuio hilo lilikuwa bado linatumika.