Jibu: Pesa za Gary Coleman zilikwenda wapi?
Salaam mkuu. Umeuliza ilikuwaje Gary Coleman, aliyeng'ara utotoni kwenye Diff'rent Strokes, kipindi cha vichekesho cha TV ya Marekani, kuanzia 1978, akafilisika 1999 ilhali California ina sheria ya kulinda kipato cha watoto waigizaji.

Angalia miaka kwanza. Mimi ndipo ninapoanzia nikisoma habari za nyota hawa. Sheria ya 1939 iligusa mikataba iliyopitishwa na mahakama tu, mingine ikapita pembeni. Ulazima wa kumwekea mtoto asilimia 15 ya kila malipo ulikuja 2000, naye Coleman keshakuwa mtu mzima. (Kwake, mvua imenyesha baada ya mavuno.)

Aliwashtaki wazazi wake na meneja wa zamani 1989 kuhusu pesa zake, akashinda 1993: dola milioni 1.28 hivi. Bado 1998 alikuwa anafanya kazi ya ulinzi. Alipofilisika aliwalaumu wazazi, wahasibu na mawakili, na mwenyewe hakujiacha.