Meya alitangaza dharura kabla jiji halijapata mgonjwa: alikuwa anafungua nini?

Swali

Wakili, salaam. Mwaka 2020 nilikuwa San Francisco, nafanya usafi wa vyumba hotelini. Februari 25 meya akatangaza hali ya dharura kwa sababu ya Korona, na kila mtu pale kazini alikuwa akisema jiji bado halina mgonjwa hata mmoja. Tukaendelea na kazi kama kawaida karibu wiki tatu, ndipo ikaja amri ya kubaki majumbani. Baadaye hoteli ya jirani ikachukuliwa kuwalaza watu wasio na makazi. Sasa nimerudi Tanga, na binti yangu anasomea utawala wa serikali za mitaa. Ananiuliza meya alipata wapi mamlaka hayo, ilhali kwetu ni Rais peke yake. Na kama hakumfungia mtu ndani, alitangaza nini hasa? Na ile hoteli ililipiwa na nani? Mimi niliyekuwepo sina la kumjibu.

Jibu

Ndugu yangu, kuwepo hakukukusaidia kwa sababu uliona mambo yakifuatana ukayadhani ni amri moja ya mtu mmoja. Tangazo la Februari 25 lilisainiwa na Meya London Breed. Amri ya kubaki majumbani ilisainiwa na mtu mwingine, kwa sheria nyingine. Na hoteli ile ni habari ya tatu, ingawa mzizi wake uko katika lile tangazo la kwanza.

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo linalotupoteza. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 32, inasema "hali ya hatari". Mkenya mzee akisikia maneno hayo anakumbuka miaka ya 1952 hadi 1960, tangazo la Gavana Evelyn Baring, askari, na vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge. Masikio yetu yamezoea kwamba dola ikitangaza hali ya namna hiyo, raia anapunguziwa haki. Dharura ya jiji la California si kitu hicho. Ni hati ya kiutawala inayofungua stoo, mfuko na kanuni za manunuzi. Yenyewe peke yake haimfungii mtu mlango, na ndiyo sababu uliendelea kutandika vitanda kwa wiki tatu bila kuona tofauti.

Mamlaka yanatoka katika Sheria ya Huduma za Dharura ya California. Sheria hiyo inalipatia baraza la jiji au la kaunti haki ya kutangaza dharura ndani ya mipaka yake, na inamruhusu pia ofisa ambaye baraza limemkabidhi kazi hiyo kwa sheria ndogo. San Francisco ni jiji na kaunti kwa wakati mmoja, mahali pekee pa namna hiyo katika jimbo zima, na mkataba wake wa jiji, yaani sheria mama inayoliongoza, unamtaja meya. Kwa hiyo Breed hakumsubiri gavana wala Rais. Gavana Gavin Newsom alitangaza dharura ya jimbo Machi 4, na Rais wa Marekani akatangaza ya taifa Machi 13. Jiji lilitangulia. Na halikuwa la kwanza: kaunti ya Santa Clara, mwendo mfupi kusini mwa San Francisco, ilikuwa imekwisha kutangaza tangu mwanzoni mwa Februari.

Sasa lile la kutangaza bila mgonjwa, ambalo naliona ndilo zuri kuliko yote katika barua yako. Mwambie binti yako asome tafsiri ya dharura katika sheria yenyewe, neno kwa neno. Inazungumzia maafa au hatari kubwa kwa watu na mali, inataja moto, mafuriko, tufani, ukame, na inataja waziwazi mlipuko wa ugonjwa. Kisha inaweka kipimo: hali ambayo imezidi, au inaelekea kuzidi, uwezo wa huduma, watumishi na vifaa vya eneo husika. Maneno hayo mawili, "inaelekea kuzidi", ndiyo yaliyombeba meya. Sheria haikumtaka ahesabu wagonjwa. Ilimtaka atazame vitanda, barakoa, wauguzi na vipimo alivyonavyo, kisha atazame kinachokuja, ajiulize kama vitatosha.

Na kilichokuja kilikuja haraka. Siku moja tu baada ya tangazo, mamlaka za afya za Marekani zilieleza habari za mgonjwa wa kaunti ya Solano, kaskazini mashariki mwa San Francisco, ambaye hakusafiri wala hakujulikana kukutana na mtu mwenye ugonjwa. Maana yake virusi vilikuwa tayari vinatembea mitaani. Machi 5 San Francisco ikathibitisha wagonjwa wake wawili wa kwanza. Mimi kwa maoni yangu, meya angesubiri wale wawili, angekuwa amepoteza siku tisa ambazo hakuna fedha ingezirudisha.

Siku tisa za nini? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wasiofanya kazi serikalini wanapoachwa njiani. Niliwahi kuishauri halmashauri moja iliyopigwa na mafuriko. Daraja dogo lilikuwa limesombwa, watoto wako upande huu na shule iko ng'ambo. Mhandisi alikuwa na mkandarasi tayari, fedha zilikuwepo, lakini hakuna aliyethubutu kusaini, kwa sababu taratibu za zabuni zilitaka wiki kadhaa na kila mmoja aliogopa hoja ya mkaguzi mwakani. Hawakuwa wavivu wale. Walikuwa watu waaminifu waliofungwa na kanuni zilizotungwa kwa siku za kawaida, na kanuni hizo zina sababu njema ya kuwepo. Tangazo la dharura linamwambia ofisa wa manunuzi kwamba siku za kawaida zimesimama kwa muda, na kwamba akinunua bila ushindani wa zabuni anayo hati ya kumlinda.

Si manunuzi peke yake. Kwa sheria ya California, kila mtumishi wa umma ni mtumishi wa maafa pia, awe mhasibu au mtunza maktaba, na maafa yakitokea anaweza kupangiwa kazi nyingine. Ndiyo maana wafanyakazi wa maktaba za San Francisco walijikuta wakipiga simu kuwatafuta watu waliokutana na wagonjwa. Jumba la mikutano la Moscone, ambalo wewe wa hotelini unalijua kwa wageni liliokuwa likiwaletea, likawa makao ya kuongoza mapambano ya jiji, na mwaka uliofuata likawa kituo cha chanjo. Na wafanyabiashara nao waliguswa: dharura ikitangazwa, sheria ya adhabu ya jimbo inakataza kupandisha bei ya chakula, dawa, vifaa vya tiba na mahitaji ya namna hiyo kwa zaidi ya asilimia 10, kwa siku 30 ambazo zinaweza kuongezwa. Aprili 2020 meya alitumia mamlaka hayohayo kuziwekea kampuni za kupeleka chakula kikomo cha asilimia 15 katika ada wanazotoza migahawa. Wapishi wengi waliobaki kazini wakati ule wanaikumbuka amri hiyo kuliko zote.

Amri ya kubaki majumbani ilitoka kwa Mganga Mkuu wa jiji, Dkt. Tomás Aragón, Machi 16, ikaanza kutumika usiku wa manane kuamkia Machi 17. Siku hiyohiyo wenzake wa Santa Clara, San Mateo, Marin, Contra Costa, Alameda na jiji la Berkeley walitoa amri zinazofanana. Watu zaidi ya milioni 6 wakabaki majumbani, siku tatu kabla gavana hajatoa amri ya jimbo zima. Mganga Mkuu anatumia sheria ya afya ya jimbo, inayomtaka achukue hatua za kuzuia ugonjwa wa kuambukiza usienee. Anawajibika kwa taaluma yake, na hakuhitaji saini ya meya ili kutoa amri ile. Meya alisimama naye mbele ya kamera, naye alifanya vema, kwa sababu watu wanatii zaidi wakiona daktari na kiongozi wanasema jambo moja. Lakini mwanafunzi wa utawala asichanganye: meya ana mfuko na watumishi, daktari ana karantini. Binafsi naupenda mgawanyo huo. Mtu anayeomba kura asiwe ndiye peke yake anayeamua nani afungiwe ndani.

Jiji lile lina sababu ya kulijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1900, tauni ilipoonekana San Francisco, mamlaka za afya ziliuzungushia karantini mtaa wa Wachina. Mstari wa karantini ulipindishwapindishwa ili nyumba na maduka ya wazungu yabaki nje, na familia za Kichina zibaki ndani. Mfanyabiashara wa pale, Jew Ho, akaenda mahakamani, na mahakama ya shirikisho ikaivunja karantini ile, kwa kuwa ilibagua, na tena haikuwa njia ya kweli ya kuzuia ugonjwa, maana iliwaweka wazima na wagonjwa pamoja. Kesi ya Jew Ho dhidi ya Williamson inasomwa hadi leo. Ningependa binti yako aisome kabla ya kusoma tangazo lolote la dharura, ili ajue kwamba neno "dharura" halimpi mtu ruhusa ya kuchagua rangi ya ngozi.

Kuhusu breki za mamlaka haya, ya kwanza ni siku saba. Tangazo la ofisa mmoja linakufa baada ya siku saba baraza lisipoliridhia. Hesabu mwenyewe: Februari 25, na mwaka ule Februari ilikuwa na siku 29, hadi Machi 3, siku ambayo Baraza la Wasimamizi la San Francisco, lenye wajumbe 11, liliridhia. Ni siku saba kamili. Breki ya pili ni kwamba baraza lazima litazame upya angalau kila baada ya siku 60 kama dharura bado inahitajika, na sheria inataka ifungwe mapema kadiri hali inavyoruhusu. Hapa nina manung'uniko. Jimbo la California lilifunga dharura yake Februari 28, 2023, karibu miaka mitatu baada ya kuianza. Katika muda mrefu kama huo, mapitio ya baraza huweza kugeuka kazi ya kupiga muhuri, hoja inasomwa, mikono inanyooshwa, wanapita kwenye ajenda inayofuata. Breki isiyokanyagwa kwa nguvu haisimamishi gari, hata kama ipo kwenye kitabu.

Ukilinganisha na kwetu, binti yako hakukosea. Ibara ya 32 inampa Rais madaraka ya kutangaza hali ya hatari, na Bunge lazima lihusishwe. Viongozi wanaosimamia shughuli za Serikali katika sehemu fulani za nchi wanaweza kuwekewa utaratibu wa kumwomba Rais atangaze, lakini hawatangazi wao. Kenya nako ni Rais, na tangazo halivuki siku 14 bila Bunge la Taifa. Ila asidhani kwamba bila tangazo hilo serikali inakosa la kufanya. Mwaka 2020 Kenya haikutangaza hali ya hatari. Amri ya kutotoka nje usiku, iliyoanza Machi 27, iliwekwa kwa Sheria ya Utulivu wa Umma (Public Order Act), na hatua nyingine zikatumia Sheria ya Afya ya Umma. Tunachokosa sisi ni ile ngazi ya kati: halmashauri inayoweza kusema kisheria, "haya yanaelekea kutuzidi", na papo hapo manunuzi na watumishi wake vikabadilika. Nikikumbuka lile daraja, naona pengo hilo ni kubwa kuliko tunavyokiri.

Sasa hoteli. Vyumba vile vilitafutwa kwa sababu mabweni ya watu wasio na makazi yalikuwa yamejaa, vitanda vimesogeana, na ugonjwa ungepita humo kama moto wa nyika. Aprili 2020 California ilianzisha mpango wa kukodi vyumba vya hoteli kwa ajili yao, ukiitwa Project Roomkey, na San Francisco nayo ikakodi hoteli zake. Shirika la maafa la serikali kuu, FEMA, lilikubali kurudisha gharama kwa watu wa makundi fulani: wenye miaka 65 na zaidi, wenye maradhi yanayowaweka hatarini, walioambukizwa au waliokutana na wagonjwa. Mwanzoni lilirudisha asilimia 75. Rais Joe Biden alipoingia madarakani mwaka 2021, sehemu hiyo ikapandishwa kuwa asilimia 100, ikihesabiwa nyuma tangu Januari 2020.

Lakini tazama neno "kurudisha". Jiji lilitoa kwanza fedha zake, kisha likadai. Kila chumba kilihitaji mkataba, tarehe ya kuingia na kutoka, sababu ya mtu kuwemo, na hati ya malipo. Kwa hiyo, ndugu yangu, zile karatasi za chumba ambazo msimamizi wako alikuwa akizidai kila jioni, za nani kaingia na nani katoka, ofisi ya fedha ya jiji ilikuwa ikizihitaji vilevile kwa hoteli ile ya jirani. Binti yako akitaka kulichunguza tukio hili kwa mtihani wake, aanze na karatasi hizo, kisha arudi nyuma hadi Februari 25. Atakuta mzizi wa mikataba ile uko katika tangazo la siku hiyo.