Kabla ya kushusha haidrofoni ziwani, waulize wavuvi

Mara ya kwanza kurekodi sauti za samaki kwa haidrofoni, yaani maikrofoni ya chini ya maji, katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, mahali nilipachagua kwenye ramani: karibu na Dunga, gari linafika, maji mita 2 hivi. Nilirudi Kisumu na saa 6 za ngurumo za injini na kamba iliyogonga ubavu wa mashua. Samaki hata mmoja sikumsikia.

Injini hazikuwa tatizo pekee. Sauti nyingi za samaki ni nzito, chini ya hezi 1,000, na maji yakiwa machache sauti nzito haziendi mbali. Pawe kimya vipi, samaki aliye mbali kidogo hutampata. Siku hizi naanzia mita 5.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa ndoana. Nilipomweleza kazi yangu alishangaa. "Mwanangu, unatafuta samaki wanaolia na hujatuuliza sisi? Okoko ukimtoa majini analia mkononi."

Ni kweli. Okoko, samaki wa jamii ya kambare mwenye miiba, husugua mwiba wa pezi la kifuani ndani ya kiungo chake, ndipo ule mlio unapotoka. Tangu hapo, nikifika ufuo wowote, swali langu la kwanza ni: samaki gani analia mkimvua, na mmemtoa wapi? Majibu hayo yameniokolea petroli nyingi. Fulu, samaki wadogo wa ziwani, hawatajwi sana kwa kulia, lakini madume hutoa milio wakiwabembeleza majike, na aina nyingi hukaa miambani. Kwa hao, tafuta mawe ya Mbita na kisiwa cha Rusinga.

Ukifika, usikimbilie kushusha kifaa. Zima injini, zamisha kafi la mbao, weka sikio kwenye mpini, utulie dakika 10. Injini ya mbali utaisikia, na mawimbi yanayopiga mashua pia. Kama hapo tayari ni kelele, hamia mahali pengine.

Kisha parudie usiku, ukiwa na mwenyeji anayejua viboko wanapopita. Hilo silifanyii mzaha. Chagua mbalamwezi. Wavuvi wa omena, yaani dagaa, hutoka na taa zao usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu boti hupungua. Mchana, asubuhi ni bora, kabla upepo wa ziwani haujaanza. Angalia pia magugu maji yanasukumwa upande gani, yasije yakabeba waya wako.

Haidrofoni usiifunge kwenye mashua. Mimi huning'iniza yangu kwenye boya kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ili wimbi livute mpira, lisivute kifaa.

Mwezi uliopita, mahali alipotuonyesha yule mzee, nilimvisha vipokea sauti masikioni. Alinyamaza kitambo kirefu, macho kayafumba.

"Ni okoko," akasema. "Lakini wako wawili."