Mlishe Paka Wako Ndipo Akuwindie Panya

Juma lililopita msomaji mmoja wa Nachingwea aliniandikia kwamba amemnyima paka wake chakula kwa siku nne ili awakamate panya wanaomtobolea magunia ya ufuta, na sasa paka huyo haonekani nyumbani. Niliusoma ujumbe huo kwa uchungu, kwa kuwa kosa hilo nililitenda mimi mwenyewe hapa Mikindani.

Nilikuwa nimehifadhi magunia sita ya karanga katika chumba cha uani. Niliamini kwamba paka aliyeshiba hawindi, hivyo nikawakataza watoto wasimtupie paka wetu hata mfupa wa samaki. Siku ya tano alihamia ufukweni kwa wavuvi, na panya wakayaharibu magunia mawili. Nilimlaumu paka mbele ya majirani, nami ndiye niliyekosa. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa paka, hamu ya kuwinda na njaa ni mambo mawili. Ametokana na kimburu, paka wa porini, ambaye windo humponyoka mara nyingi na hawezi kungoja mpaka njaa imkamate ndipo aanze kuvizia. Njaa humpeleka paka kwenye chakula rahisi, na panya mkubwa anayeng'ata si chakula rahisi.

Mama yangu ndiye aliyemrudisha, kwa ugali uliochanganywa na dagaa wa kuchemsha kila jioni. Alfajiri moja, kabla ya adhana, nilimkuta amejikunyata mbele ya tundu, masikio yakigeuka moja moja, kwani paka husikia milio myembamba ya panya ambayo sisi hatuisikii. Alikaa hivyo kwa muda ambao ungenitosha kwenda kisimani na kurudi. Kisha akatikisa kiuno, ncha ya mkia ikacheza, akaruka. Panya alipolia, meno yalikwisha kumwingia ukosini.

Basi mlisheni paka kila jioni, na mlango wa ghala uachiwe mwanya, kwa maana huwinda zaidi magharibi na alfajiri. Msitege sumu, kwani panya aliyeila aweza kumuua paka atakayemla. Mlisheni, narudia. Nawe ndugu yangu wa Nachingwea, weka chakula palepale alipozoea kulia, saa ileile. Wangu alirudi usiku wa tatu.