Mwanangu, msamaha wa kodi ya ardhi usiungoje mikono mitupu

Mwanangu mpendwa,

Nimeona picha ya ile bili ya kodi ya ardhi ya nyumba ya Buruburu. Umeuliza kama unaweza kuomba upunguziwe deni, au ungoje kaunti ya Nairobi itangaze msamaha. Nimeona afadhali nikuandikie, maana kwa simu ungeshika ile jumla tu na mengine yakupite.

Itazame bili vizuri. Kuna kodi yenyewe, na kuna riba na faini zilizorundikana juu yake. Kaunti imetangaza misamaha zaidi ya mara moja tangu 2013, na kinachosamehewa ni riba na faini. Kodi yenyewe unailipa, na kwa kawaida sharti ni uimalize kabla ya tarehe iliyotajwa. Mtu aliyekaa miaka bila kuweka kitu, msamaha ukitangazwa hana pesa mkononi, na muda unakwisha akitazama. Hilo ndilo ninalokuhofia, mama.

Kwa hiyo ya kila mwaka ilipe kwa wakati wake, kabla ya tarehe 31 Machi. Wanahesabu thamani ya ardhi peke yake, jengo halimo, siku hizi kwa orodha ya tathmini ya 2019, na kiwango ni asilimia 0.115. Ardhi iliyotathminiwa shilingi 8,000,000 inatozwa 9,200 kwa mwaka. Piga hesabu ya ploti yetu, kisha urudi kwenye ile jumla iliyokushtua. Utaona kodi yenyewe haiwezi kufika huko.

Hapa ndipo nataka utulie. Marehemu baba yako hakuwa mtu wa kuacha deni. Lakini malipo ya nyumba hiyo yamepitia mikono mingi: Baraza la Jiji hadi 2013, kisha kaunti, kuanzia 2020 KRA, mamlaka ya mapato ya taifa, ikawa inakusanya kwa niaba yake, halafu yakarudi kaunti. Risiti moja yenye namba ya ploti iliyokosewa inatosha kuacha pengo, na pengo hilo linazaa riba mpaka leo. Risiti zake ninazo, kwenye bahasha ya kaki. Za zamani zilizopigwa muhuri bado zinasomeka, ila zile za karatasi nyepesi wino umeanza kupotea, na moja imebaki na tarehe tu. Zote nimeanza kuzitolea kopi.

Ukishajua miaka ambayo malipo hayaonekani, andika barua. Taja namba ya ploti na hiyo miaka, ambatisha kopi za risiti, uombe mambo mawili yaliyotenganishwa: malipo yale yaingizwe kwenye akaunti, na riba iliyotokana na kutoingizwa kwake iondolewe. Usiandike habari za hali ngumu ya maisha; unadai kilicho haki yako, na risiti zinatosha kukusemea. Ipeleke City Hall, makao ya kaunti, mwenyewe, na usiondoke kabla kopi yako haijapigwa muhuri wa kupokelewa. Deni litakalobaki, kama huwezi kulilipa kwa mkupuo, omba kwa maandishi ulilipe kwa awamu. Waulize pia kila unacholipa kinaingia wapi kwanza, kwenye kodi au kwenye riba. Wengi hawaulizi, halafu wanashangaa deni halipungui.

Nyumba bado ina jina la baba yako, kwa hiyo ambatisha na kopi ya ile hati ya mahakama ya kusimamia mali yake, la sivyo watakuuliza unaandika kama nani. Siku ya kuihamisha kwa jina lako utadaiwa cheti cha kuonyesha kwamba kaunti haikudai chochote. Ardhi yenyewe ni ya lisi, yaani tumekodishiwa kwa miaka maalum, na kama aliyeikodisha ni serikali ya kitaifa, kodi ya lisi ni yake. Msamaha wa kaunti hauigusi.

Ile nafuu uliyosikia kazini ni jambo jingine, ni ya kodi ya mapato. Mwenye mkopo wa benki wa kununua au kukarabati nyumba anayoishi hupunguziwa mapato yanayotozwa kodi kwa kiasi cha riba anayolipa, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka. Zamani ilikuwa 300,000. Wewe huna mkopo, basi haikuhusu kwa sasa.

Na yule kijana anayesema ana mtu wa ndani wa kufuta deni ukimpa nusu, usimpe hata senti. Hiyo si nafuu, ni wizi, na deni litabaki kwa jina letu. Pesa ya kaunti lipa kupitia NairobiPay, mfumo wa malipo wa kaunti wenyewe, kisha uhakikishe imeonekana kwenye akaunti ya ploti.

Jumamosi nakuja na risiti. Wewe chapisha taarifa ya akaunti kuanzia mwaka ambao deni linaanza kuonekana, tulinganishe mwaka kwa mwaka, na Jumatatu barua iende.

Ni mimi,
Mama yako